Ada na bumu Ulaya: uingie chuo kwa viza ya mwanafunzi au kwa kadi ya familia?

Kila mwaka ikifika Mei, vyuo vya Ujerumani vinapoanza kupokea maombi ya muhula wa baridi, simu yangu hujaa swali lile lile. “Shikamoo dada. Mume wangu ni Mreno, anafanya kazi Ujerumani, mimi bado niko Dar. Chuo nimepata. Niombe viza ya mwanafunzi au nije kama mke? Na ada nitatozwa ya wageni au ya wenyeji?” Mwaka jana aliniuliza pia binti wa Mikindani ambaye mumewe ni Mholanzi anayeishi kwao Uholanzi. Maneno yalikuwa karibu yale yale, lakini jibu nililompa lilikuwa jingine kabisa.

Mimi nimeolewa na Mwitaliano, tunaishi Baden-Württemberg, kusini mwa Ujerumani, na nimesoma hapa nikiwa na pasipoti ya Tanzania. Nimeona wenzangu wakilipa maelfu ya euro ambazo sheria haikuwadai, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia. Hilo linaniuma, ndiyo maana naandika.

Tenganisha ada na bumu

Ada ni kile chuo kinachokudai ili ukae darasani. Bumu, kama wanavyosema wanafunzi wa nyumbani wakisubiri pesa ya Bodi ya Mikopo, ni fedha ya kula, kodi ya chumba na nauli, ambayo huku pia hutoka serikalini kama ruzuku, mkopo, au mchanganyiko wa vyote viwili. Ukiuliza “nina haki ya kusomeshwa?” bila kuvitenganisha, utajibiwa ndiyo na hapana siku moja, na wote waliokujibu watakuwa wamesema kweli.

Sheria mama ni Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/38, kifungu cha 24. Raia wa nchi moja ya Umoja akihamia nchi nyingine ya Umoja, yeye na wanafamilia wake wenye haki ya kuishi hapo lazima watendewe sawa na wenyeji. Mwanafamilia huyo anaweza kuwa Mtanzania, Mkenya, Mkongo au Mrundi. Haki inamfuata kwa sababu ya ndoa au uzazi, pasipoti yake haiulizwi. Kwa upande wa ada, usawa huo unaanza mapema. Msingi wake uliwekwa mwaka 1985 na Mahakama ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, katika kesi ya Gravier, mwanafunzi Mfaransa aliyekwenda Liège, Ubelgiji, kusomea sanaa ya hadithi za picha. Alitozwa ada ya wageni ambayo Wabelgiji hawakuilipa, na mahakama ikasema huo ni ubaguzi.

Bumu lina masharti zaidi. Aya ya pili ya kifungu hicho hicho inasema nchi hailazimiki kutoa fedha ya kujikimu masomoni kwa mtu ambaye hajapata ukaazi wa kudumu, na ukaazi huo huja baada ya miaka 5 mfululizo. Wanaoepuka kungoja ni wafanyakazi, waliojiajiri, na wanafamilia wao.

Kwa hiyo waweke wanawake wawili kando kwa kando. Mume wa kwanza ni Mreno fundi umeme mwenye mkataba wa kazi Ujerumani. Mume wa pili ni Mreno vilevile, lakini amekuja kusoma shahada ya uzamili na anaishi kwa fedha za wazazi wake. Wake wote wawili wana haki ya ada ya mwenyeji. Mke wa fundi anaweza kuomba bumu tangu mwaka wa kwanza. Mke wa mwanafunzi anaweza kuambiwa asubiri miaka 5, na zaidi ya hapo yeye na mumewe wanatakiwa waonyeshe wana fedha za kutosha na bima kamili ya afya. Huyu wa pili namshauri kila mara: mumeo atafute kazi ya kweli, hata ya saa chache. Mahakama imeshasema tangu kesi ya Levin ya mwaka 1982 kwamba kazi ya muda mfupi kwa wiki inatosha, mradi ni kazi halisi yenye malipo na haifanyiki kwa jina tu.

Mume yuko kwao au ugenini?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Agizo la 2004/38 linamlinda raia wa Umoja aliyehama. Mreno akiwa Ujerumani amehama. Mholanzi akiwa Uholanzi hajaenda popote, na mkewe anaangukia sheria za Uholanzi peke yake.

Tofauti utaiona hata kabla ya chuo. Binti wa Mikindani, kwa kuwa mumewe ni Mholanzi aliyeko kwao, alitakiwa afaulu kwanza mtihani wa lugha na maisha ya Uholanzi kwenye ubalozi, na mume aonyeshe kipato kinachofikia kiwango. Angekuwa ameolewa na Mreno anayefanya kazi Rotterdam, asingefanya mtihani, viza yake isingetozwa hata senti, na maombi yangeshughulikiwa kwa haraka kama sheria inavyotaka. Ujerumani ni vivyo hivyo: mke wa Mjerumani huombwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, mke wa Mreno haombwi.

Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu waliopata uraia huku. Mrundi aliyekuwa mkimbizi na sasa ana pasipoti ya Sweden, akiishi Sweden, kwa mkewe anahesabiwa kama Msweden aliyeko nyumbani. Siku akihamia Ujerumani kwa kazi, anakuwa raia wa Umoja aliyehama, na mkewe mwenye pasipoti ya Burundi anaingia chini ya Agizo. Kuna na njia ya kurudi: tangu kesi ya Singh ya 1992, raia aliyeishi kweli na familia yake katika nchi nyingine ya Umoja akirudi kwao, familia inarudi na haki zinazofanana na zile za Agizo. Wikendi na likizo hazihesabiki.

Kuwa mke wa mwenyeji si hasara siku zote. Ujerumani, mke wa Mjerumani mwenye kibali chini ya kifungu cha 28 cha sheria ya ukaazi ametajwa moja kwa moja katika sheria ya bumu la taifa, BAföG. Njia yake ya kuingia nchini ni ngumu zaidi, lakini akishaingia hayuko nyuma ya mke wa Mreno.

Nani ni “familia”?

Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako na binamu ni ndugu. Agizo lina orodha fupi: mume au mke, mwenzi aliyesajiliwa pale nchi inapotambua usajili huo, watoto walio chini ya miaka 21 au wanaotegemea, na wazazi wanaotegemea. Watoto hao wanaweza kuwa wa mwenzi mmoja tu. Mtoto uliyemzaa Tanga kabla hujakutana na Mreno wako anahesabiwa kuwa mwanafamilia wa Mreno huyo. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimekutana na kina mama waliowaacha watoto nyumbani wakidhani hawana nafasi. Mwaka 2016, katika kesi ya Depesme kuhusu msaada wa masomo wa Luxembourg, mahakama ilisema mtoto wa kambo anayetunzwa na mfanyakazi ana haki kama mtoto wa damu.

Mtoto akipita miaka 21 inabidi uonyeshe anakutegemea. Hapa risiti ndogo zinageuka hati: za M-Pesa, za Western Union, za karo uliyolipa. Katika kesi ya Reyes ya 2014 kijana Mfilipino alitunzwa kwa fedha zilizotumwa na mama yake na mwenzi wa mama aliyekuwa Sweden, na mahakama ilisema hakutakiwa kuthibitisha kwamba kwanza alitafuta kazi kwao akakosa. Hivyo usizitupe risiti.

Mdogo wako, shemeji na mpwa hawamo kwenye orodha. Kwao nchi inatakiwa “kurahisisha” tu, yaani ichunguze hali yao iwapo walikuwa wa nyumba moja na raia huyo au wakimtegemea. Bila kibali cha aina hiyo, mdogo wako akija kusoma ni mwanafunzi wa kigeni kama wengine, hata akilala sebuleni kwako. Mahari iliyolipwa bila cheti cha ndoa nayo haikupi jina la mke.

Viza mbili mezani

Chukua Ujerumani, ninakokujua. Ukija kwa viza ya mwanafunzi, unafungua akaunti maalumu iliyofungwa na kuweka euro 11,904 kwa mwaka, kisha unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima, au nusu siku 280, kwa mwaka. BAföG isahau. Ukija kama mwanafamilia wa raia wa Umoja anayefanya kazi, hakuna akaunti iliyofungwa, unafanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza, na dirisha la BAföG liko wazi. Kadi ya ukaazi, ndiyo hiyo kadi ya familia, inapaswa kutolewa ndani ya miezi 6 tangu uombe, kwa kawaida ni ya miaka 5, na siku ile ile ya maombi unapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba umeomba.

Kwa hesabu hiyo kadi ya familia inashinda kwa mbali, na kama ndoa yako ni ya kweli na mumeo ana kazi, ndiyo ninayopendekeza bila kusita. Lakini ina jambo moja ambalo kila dada lazima alijue kabla hajaichagua: haki yako imesimama juu ya miguu ya mtu mwingine. Viza ya mwanafunzi ni yako mwenyewe. Mkigombana, unaendelea na masomo. Kwenye kadi ya familia, mkiachana, unabaki na haki ya kuishi ikiwa ndoa ilidumu angalau miaka 3 kabla ya kesi ya talaka kufunguliwa, na mwaka 1 kati ya hiyo mkiwa katika nchi mnayoishi. Mwanamke aliyepigwa au kuteswa ndani ya ndoa analindwa na kifungu cha 13 cha Agizo hata kabla ya miaka hiyo kutimia. Na mwaka 2015 mahakama iliamua kwamba mume raia wa Umoja akishaondoka nchini kabla talaka haijafunguliwa, mke kwa kawaida hupoteza haki hiyo. Ukiona mume anafungasha mizigo, muone mwanasheria siku hiyo hiyo.

Nchi kwa nchi

Ujerumani naipa nafasi ya kwanza kwa bumu. Vyuo vingi vya umma havitozi ada mtu yeyote, awe Mjerumani au mgeni. Unalipa mchango wa muhula tu. Baden-Württemberg ni tofauti: tangu muhula wa baridi wa 2017/18 wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula, na familia za raia wa Umoja wamesamehewa. BAföG inafika hadi euro 992 kwa mwezi, nusu ruzuku na nusu mkopo usio na riba, na marejesho yana kikomo cha euro 10,010. Uwe hujafika miaka 45 unapoanza masomo.

Lakini BAföG huangalia mifuko ya watu wengine. Kipato cha mumeo kinahesabiwa, na kwa wengi maombi hukataliwa hapo. Kisha wazazi wako. Ukiwa chini ya miaka 30 na hujawahi kufanya kazi kwa miaka kadhaa, fomu namba 3 lazima ijazwe na baba na mama, hata kama wako Pangani. Nakumbuka fomu ile ilivyofika kwa baba yangu, kurasa za Kijerumani kitupu, nikamsomea mstari kwa mstari kwa simu huku yeye akiandika sifuri kwenye kila kisanduku cha mshahara, taratibu, kwa kalamu ya wino. Alipofika pa kusaini aliniuliza mara mbili kama Serikali ya Ujerumani itakuja kumdai. Nikamwambia hapana, baba, wanataka tu kujua kwamba huna. Anza na fomu hii mapema kuliko kitu kingine chochote.

Ufaransa inavutia kwa ada. Mwaka wa masomo 2025/26 mwanafunzi wa Umoja kwenye chuo cha umma analipa euro 178 kwa shahada ya kwanza na 254 kwa uzamili, ilhali mgeni aliye chini ya bei mpya zilizoanza 2019 anadaiwa 2,895 na 3,941. Mwanafamilia wa raia wa Umoja anawekwa kwenye bei ndogo. Bumu lao, linalotolewa na CROUS, ofisi za huduma kwa wanafunzi, ni gumu zaidi: mwombaji asiye wa Umoja kwa kawaida hutakiwa awe ameishi Ufaransa na kuwa kwenye hesabu ya kodi ya kaya iliyoko huko kwa angalau miaka 2, na awe chini ya miaka 28 anapoomba mara ya kwanza. Kwa dada wa miaka 35 anayeanza upya, Ufaransa ni nafuu kwa ada lakini njaa ni yake mwenyewe.

Ireland iko kinyume cha Ujerumani kwa namna fulani: inahesabu miaka uliyoishi. Mwenye kibali cha familia ya raia wa Umoja, kile kinachoitwa Stamp 4 EUFAM, anaingia kwenye mpango wa ada ya bure ya shahada ya kwanza na kubaki na mchango wa mwanafunzi tu, ikiwa ameishi angalau miaka 3 kati ya 5 iliyopita ndani ya Umoja, nchi jirani za eneo la uchumi la Ulaya, Uswisi au Uingereza. Bumu la SUSI, ofisi ya misaada ya wanafunzi ya Ireland, linataka miaka hiyo 3 iwe Ireland yenyewe. Ukitua Dublin Agosti ukitegemea kuanza chuo Septemba kwa ada ya mwenyeji, umewahi mno. Fanya kazi kwanza, tunza hati zako za mshahara na mkataba wa nyumba, kisha uombe.

Uholanzi ada ya kisheria ni euro 2,601 kwa mwaka 2025/26, na ada ya wageni ni mara kadhaa ya hiyo, chuo kinajipangia. Mwenzi au mtoto wa mfanyakazi wa Umoja anaweza kuomba fedha za masomo kwa DUO, wakala wa serikali unaozitoa, ambao huangalia kwa makini saa za kazi za mume kila mwezi, na mume akipunguza saa bumu linasimama na linaweza kudaiwa lirudi. Sweden ilianza kutoza wageni vuli ya 2011. Familia ya raia wa Umoja mwenye haki ya kuishi huko hailipi ada.

Uingereza imetoka. Tangu 31 Desemba 2020 kanuni za Umoja hazifanyi kazi huko, na kinachowabeba waliobaki ni mpango wa ukaazi wa raia wa Ulaya. Mke ambaye ndoa yake na Mreno ilikuwepo kabla ya tarehe hiyo bado anaweza kupata hadhi hiyo na, akitimiza miaka 3 ya ukaazi, kulipa ada ya nyumbani, paundi 9,535 kwa mwaka huko England mwaka 2025/26. Aliyeolewa na Mreno wa London mwaka 2023 hana njia hiyo. Ireland iko ng'ambo ya bahari tu na bado imo ndani ya Umoja. Kwa mume anayeweza kuhamisha kazi, ningeanza kuangalia huko.

Karatasi unazobeba

Kadi yenyewe haiumbi haki, inaithibitisha tu. Haki ilianza mlipokaa pamoja. Ila karani wa udahili hasomi sheria, anasoma kadi. Kadi za sasa zimeandikwa kwamba ni za mwanafamilia wa Umoja, pamoja na maneno “Art 10 DIR 2004/38/EC”, au “Art 20” ikiwa ni ya ukaazi wa kudumu. Mwonyeshe mstari huo kwa kidole. Cheti cha ndoa kiwe cha RITA kama mlifunga Tanzania Bara, cha wakala wa usajili wa Zanzibar, au cha msajili wa ndoa wa Kenya. Karatasi ya msikitini au kanisani iwe imesajiliwa. Ongeza nakala ya pasipoti ya mume, mkataba wake wa kazi na hati tatu za mwisho za mshahara.

Mimi barua yangu ya kudahiliwa ilikuja na bili ya euro 1,500. Kwenye fomu ya maombi nilijaza uraia: Tanzania, na mfumo ukanihesabu mgeni. Dirishani niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba Watanzania hulipa. Sikubishana. Niliweka mezani kadi, cheti cha ndoa na mkataba wa kazi wa mume wangu, nikaomba fomu ya msamaha wa ada, nikaijaza pale pale nikisimama, na nikaomba wagonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yangu kwa sababu siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa imebaki wiki moja. Siku tisa baadaye ilikuja barua nyingine, ukurasa mmoja, yenye mchango wa muhula peke yake.